Borrow na lend: tazama kitu kinaelekea wapi

Ninyi mnaoanza Kiingereza, hii ndiyo jozi ninayotaka muielewe mapema, kwa sababu ukishaizoea vibaya inakuwa kazi kuing'oa. Chanzo cha tatizo ni Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "nimeazima kalamu kwake" na pia "niazime kalamu yako". Kitenzi ni kilekile, ila kalamu inakwenda pande mbili tofauti. Kiingereza hakina ruhusa hiyo: anayepokea ana-borrow, anayetoa ana-lend.

Sentensi ninayoisahihisha mara nyingi kuliko zote ni "Can you borrow me your pen?" Msikilizaji atakuelewa, lakini umemfanya yeye mwenye kalamu ndiye mwazimaji. Sema "Can you lend me your pen?" kama mtendaji ni yeye, au "Can I borrow your pen?" kama mtendaji ni wewe. Ombi ni lilelile. Kwa anayeanza, mimi napendelea hiyo ya pili: unaanza na I, na huhangaiki na me. Katika Kiingereza sanifu borrow haichukui watendwa wawili, yaani mtu na kitu kama me na your pen; lend inachukua. Na kila kitenzi kiwekwe kichwani pamoja na mwenzake: borrow from, lend to.

Kwenye pesa tuna bahati, maana kauli ya kutendesha inatusaidia: kukopa ni borrow, kukopesha ni lend. Kwa hiyo ukikwama na kalamu au kitabu, jiulize ungesema kipi kama ingekuwa pesa. Jibu unalo hapohapo. Angalizo tu: kukopa bidhaa, yaani kuchukua sasa ulipe baadaye, si borrow. Hapo ni "buy on credit".

Wakati uliopita wa lend ni lent. Wamarekani wengi husema pia "loan me". Katika maandishi rasmi bakini na lend.

Halafu mkifika kwenye rent, mambo yanageuka. Sisi tunatenganisha kupanga na kupangisha, Kiingereza kinatumia neno moja kwa mpangaji na mwenye nyumba. "I rented a room from her" maana yake nilipanga kwake. "I rented a room to her", nilimpangisha. Hapo from na to ndizo zinazobeba maana yote.