Je, kikundi chetu cha ngoma kinaruhusiwa kumwona mbunge?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma na taarab cha Waswahili tunaoishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Tumesajiliwa kama asasi ya hisani isiyotozwa kodi, na kila Jumamosi tunawafundisha watoto 26 katika ukumbi wa kukodi. Tumealikwa kufuatana na wasanii wengine hadi bunge la jimbo, mjini Saint Paul, kuomba fedha za umma za sanaa zilindwe. Wazee wetu wamekataa. Wanasema asasi ya hisani ikigusa siasa hufutwa, na tena wengi wetu bado si raia. Je, ni kweli? Na tukienda, tuseme nini?
Katibu, Minneapolis

JIBU: Ndugu Katibu, hofu ya wazee wako ina msingi, ila wamechanganya mambo mawili. Sheria ya kodi ya Marekani inaikataza kabisa asasi kama yenu kumpigia kampeni mgombea au kumpinga. Haiikatazi kuzungumza na mbunge kuhusu mswada au bajeti, mradi kazi hiyo isiwe sehemu kubwa ya shughuli zake. Tangu 1976 asasi inaweza pia kuchagua kupimwa kwa fedha inazotumia: ikijaza fomu namba 5768 ya idara ya kodi, ruhusa yake ni hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake ya kihisani, na muda wa anayejitolea bila malipo hauhesabiwi. Kwenu ninyi gharama itakuwa mafuta ya gari na chai. Msiguse tu ruzuku ya serikali ya shirikisho kwa safari hiyo. Ama uraia, ni kweli asiye raia hapigi kura, lakini haki ya kupeleka ombi serikalini, iliyomo katika Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, haikuwekewa sharti hilo.

Sasa la kusema. Katika majimbo mengi fedha za sanaa hutegemea bajeti ya kila mwaka, na nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka 2011 Gavana Sam Brownback wa Kansas alilifuta kwa kura ya turufu fungu la tume ya sanaa ya jimbo, na kwa kuwa mfuko wa sanaa wa taifa hutaka jimbo lichangie ndipo nao utoe, Kansas ikakosa na fedha za Washington. Juni 2024 Gavana Ron DeSantis wa Florida naye alifuta ruzuku za sanaa na utamaduni za dola milioni 32 hivi.

Minnesota mmepata kinga ambayo wengi hawana. Novemba 2008 wapiga kura waliingiza katika katiba ya jimbo nyongeza ya asilimia 0.375 katika kodi ya mauzo, kwa miaka 25. Ukinunua sufuria ya pilau ya dola 100, nyongeza hiyo ni senti 37 na nusu, na kati ya hizo senti 7 na ushei huenda kwenye sanaa na urithi wa utamaduni. Zilizobaki hulinda maji, makazi ya wanyamapori na bustani za umma. Wasanii waliungana na wawindaji na wavuvi, na mimi binafsi naona huo ndio werevu wenyewe, kwani peke yao sidhani wangefika.

Hata hivyo, wabunge ndio wanaoamua mgawanyo wa fungu hilo, na muda wa kodi unakwisha 2034. Kwa hiyo ombeni mambo mawili: sehemu ya mabaraza ya sanaa ya kanda isipunguzwe, maana huko ndiko vikundi vidogo huomba; na mbunge aseme msimamo wake kuhusu kuirefusha kodi hiyo.

Bajeti ya jimbo hupitishwa katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na kikao hufunguliwa Januari. Msingoje Mei, wakati hesabu zimekwisha kufungwa. Mwoneni mbunge wa mtaa mnaofundishia. Msemaji awe mmoja, asianze na sifa za utamaduni wetu, bali na wale watoto 26, kodi ya ukumbi kwa mwezi, na bei ya kuwamba ngozi ngoma moja.