Mwanzilishi amelala katika Bwana, kanisa limegawanyika: je, ahadi ya Kristo imeshindwa?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Kanisa letu lilianzishwa na baba yetu wa kiroho kwenye kiwanja chake mwenyewe. Tangu alale katika Bwana tuna makundi mawili, moja likiongozwa na mwanawe na jingine na aliyekuwa mchungaji msaidizi. Kila Jumapili tunagombania zamu ya ibada. Wengine wanasema baba ndiye aliyekuwa msingi, na msingi ukiondoka nyumba huanguka. Je, lile neno la Yesu kwamba milango ya kuzimu haitalishinda kanisa halituhusu sisi? Mungu alikusudia nini hasa alipoliweka kanisa duniani? Na mimi, nihame?

Jibu: Amina, ndugu yangu. Poleni sana kwa msiba, na poleni kwa mvutano uliofuata, maana najua kufiwa na kugombana kwa pamoja kunavyochosha roho.

Nianze na hilo la msingi, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo kabla hata mzee hajafariki. Wanaosema yeye alikuwa msingi wanampa heshima ambayo mtume Paulo aliikataa alipopewa. Kanisa la Korintho alilianzisha Paulo mwenyewe, akakaa nalo mwaka mmoja na miezi sita akilifundisha (Matendo 18:11). Alipoondoka akaja Apolo, msemaji hodari, na muda si muda waumini wakaanza kujigawa: mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa, yaani Petro. Habari zikamfikia Paulo akiwa Efeso. Angeweza kusema, "Mimi ndiye baba yenu, nisikilizeni mimi," na kwa haki ya kazi aliyoifanya wengi wangemkubali. Badala yake aliuliza, "Apolo ni nani? Na Paulo ni nani?" Akajibu kwamba ni wahudumu tu. Kisha akaandika maneno ambayo ningependa makundi yenu yote mawili yayasome kwa sauti: "Maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka, isipokuwa ni ule uliokwisha kuwekwa, yaani, Yesu Kristo" (1 Wakorintho 3:11).

Umekwisha kuwekwa. Baba yenu alijenga juu yake, na kama alijenga vizuri, Bwana atamlipa. Lakini msingi haukuzikwa naye.

Isaya alipotabiri habari za jiwe la pembeni lililowekwa Sayuni, mstari unaofuata unataja haki kuwa timazi, kamba ya fundi ya kupimia unyofu wa ukuta (Isaya 28:16-17). Fundi anajua maana yake. Jiwe la pembeni huwekwa kwanza, na kuta zote hupimwa kutoka kwake. Ukuta ukipinda, fundi hasogezi jiwe la pembeni ili lilingane na ukuta. Anabomoa kozi zilizopinda, yaani safu za matofali, na kuzipanga upya. Kwenu naona kozi zilizopinda. Hilo ni jambo la kuhuzunisha, ila linarekebishika.

Utauliza, je, Yesu hakumwambia Petro, "juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu"? Alimwambia, tena pande za Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni, mahali palipokuwa na ibada ya miungu ya kipagani karibu na chemchemi za Yordani. Ndugu zetu Wakatoliki husoma hapo cheo cha Petro na cha maaskofu wa Roma waliomfuata. Waprotestanti wengi husoma ungamo la Petro, "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai." Agostino, askofu wa Hipo aliyefariki mwaka 430, aliwahi kufundisha kwamba mwamba ni Petro, na baadaye akafundisha mara nyingi kwamba ni Kristo aliyeungamwa na Petro; alipozeeka aliandika kwamba msomaji achague mwenyewe. Mimi nasimama na ungamo. Lakini angalia kwamba hakuna upande kati ya hizo mbili unaomweka mtu mahali pa Kristo. Petro mwenyewe, alipowaandikia waumini, hakujitaja kuwa mwamba. Alimwita Kristo jiwe lililo hai, na waumini wote mawe yaliyo hai (1 Petro 2:4-5). Tena katika sura ileile ya Mathayo 16, mistari michache baada ya sifa ile, Petro huyohuyo anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Kanisa lingejengwa juu ya uimara wa Petro lisingefika jioni ya siku hiyo.

Sasa milango ya kuzimu. Wengi huisikia kama majeshi ya mapepo yanayoshambulia. Katika Agano la Kale malango hayo ni lugha ya kifo: mfalme Hezekia, alipougua karibu kufa, alisema anaingia katika malango ya kuzimu (Isaya 38:10). Kwa hiyo moyo wa ahadi ni huu, kwamba mauti haitalimeza kanisa. Waumini watakufa, mitume watakufa, waanzilishi watakufa, na kanisa la Kristo litaendelea kwa sababu yeye mwenye kulijenga alikufa na kufufuka. Ndugu yangu, ahadi mnayoiona imeshindwa kwenye kaburi la mzee wenu ilitolewa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Hata hivyo nisikudanganye. Ahadi hiyo imetolewa kwa kanisa la Kristo, haikutolewa kwa kibao cha kanisa lolote mahali fulani. Kanisa la mahali linaweza kufa. Efeso lilikuwa kanisa la Paulo, la Timotheo na, kwa mapokeo ya kale, la Yohana. Mwaka 431 mtaguso mkuu, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifanyika katika mji huo. Leo, karibu na Selçuk nchini Uturuki, utakuta magofu na watalii. Bwana alikuwa amelionya mapema: "nitakiondoa kinara chako katika mahali pake" (Ufunuo 2:5). Na hapa ndipo ninapotetemeka ninaposoma, maana kosa la Efeso halikuwa mafundisho potofu. Walikuwa wamewapima mitume wa uongo na kuwagundua. Walikuwa wavumilivu. Waliuacha upendo wao wa kwanza, basi. Makundi mawili yanayogombania zamu ya ibada, kila moja likijivunia usahihi wake, yasome onyo hilo polepole.

Kwa upande wa pili, tazama Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo. Mapadre wa White Fathers, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika mwaka 1879, na mwaka 1882 wakalazimika kuondoka. Waliwaacha waumini wachache, wachanga kabisa katika imani, bila padre. Kwa hesabu za kibinadamu kanisa lingekwisha. Lakini Joseph Mukasa Balikuddembe alifundisha wenzake ndani ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Huko Mityana Mathias Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali waliendelea kukusanya watu na kusali. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta waumini wameongezeka. Novemba mwaka huohuo Mukasa akauawa. Nafasi yake ikashikwa na Charles Lwanga, ambaye Mei 1886 huko Munyonyo, akijua kinachokuja, aliwabatiza usiku wakatekumeni, yaani waliokuwa wakiandaliwa kwa ubatizo, Kizito akiwa mmoja wao. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana siku moja. Viongozi waliondolewa mmoja baada ya mwingine na kanisa halikufa, kwa kuwa kila aliyejua alikuwa tayari amemfundisha mwingine.

Hili linanileta kwenye kusudi. Paulo anasema Mungu alikusudia kuvijumlisha vitu vyote katika Kristo (Waefeso 1:10), na kanisa ndipo mahali ambapo kazi hiyo inaanza kuonekana. Myahudi na Myunani, waliokuwa hawali meza moja, wanafanywa nyumba moja, ili "kwa njia ya kanisa" hekima ya Mungu ijulikane hata na falme na mamlaka katika ulimwengu wa roho (Waefeso 3:10). Petro analisema kwa namna yake: mpate kuzitangaza fadhili zake yeye aliyewaita mtoke gizani. Kwa hiyo kanisa lipo ili Mungu aabudiwe, watu wapatanishwe naye na wao kwa wao, wafundishwe mpaka wakomae, na mataifa wasikie Injili. Kumtunza mwanzilishi na jina lake si kusudi la kanisa. Nanyi mnapogawana ibada kwa makundi, mnakanusha hadharani jambo lenyewe ambalo kanisa liliwekwa kulionyesha. Naandika hivi kwa uchungu.

Sasa mfanye nini?

Tengeni kwanza ugomvi wa kiwanja na ugomvi wa mimbari, maana mkivichanganya hamtatoka. Ikiwa hati ya kiwanja ina jina la marehemu, kisheria kiwanja hicho kinaingia kwenye mirathi yake, hata kama kanisa limesali hapo miaka na miaka. Hili ndilo kosa la kawaida kabisa katika makanisa yanayoanzia nyumbani kwa mtu, na halihitaji mtu mwovu ili lizae fitina. Familia ikae na kanisa, msimamizi wa mirathi awepo, na kama warithi wanakubali kwamba marehemu alikitoa kiwanja kwa Mungu, kihamishiwe kwa bodi ya wadhamini. Kwa Tanzania, bodi hiyo husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na ikishasajiliwa mali hushikwa kwa jina la bodi, si la mchungaji wala la mtoto wake. Kama warithi hawakubali, ni bora kusali chini ya mwembe kuliko kumnyang'anya mjane. Kabla ya kukimbilia mahakamani someni 1 Wakorintho 6:1-8, kisha kila kundi liteue wazee wawili, na wote wanne wakubaliane juu ya mzee mmoja wa tano kutoka kanisa jirani asiye na upande.

Sadaka zisingoje mpatane. Tangu Jumapili ijayo zihesabiwe siku hiyohiyo na watu watatu wasio wa ukoo mmoja, wakiwamo wa makundi yote mawili, waandike kiasi, wasaini, na kisomwe kwa waumini. Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu hakuubeba peke yake. Aliwaweka watu waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akamlaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Kama mtume alijilinda hivyo, hakuna mchungaji anayeweza kusema kuhesabiwa ni kutoaminiwa.

La mimbari ndilo refu. Kanisa la kwanza lilidumu katika mambo manne: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate, na kusali (Matendo 2:42). Pimeni lipi limebaki kwenu. Nadhani mtakuta fundisho limekuwa kushindana kumnukuu marehemu, na mkate hamjaumega pamoja kwa muda. Ningeshauri waraka kwa Waefeso, sura 6 kwa wiki 6, usomwe majumbani katika vikundi vya watu 8 hadi 12 vilivyopangwa kwa mitaa, si kwa makundi yenu. Wasomaji wapokezane. Humo mtaanza kuona ni nani anayejua kufundisha na nani ana moyo wa kuchunga. Hapo ndipo wazee wapatikane, zaidi ya mmoja, wakipimwa kwa 1 Timotheo 3 na Tito 1. Mwana wa mchungaji asikataliwe kwa kuwa ni mwana, wala asikubaliwe kwa sababu hiyo. Agizo la 2 Timotheo 2:2 lina vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa nao. Inaelekea kwenu mnyororo ulikatika baada ya kizazi cha kwanza, na ndiyo maana kifo kimoja kimewatikisa kiasi hiki.

Kuhusu kuhama: usihame kwa sababu ya kelele. Korintho kulikuwa na makundi, kesi mahakamani na watu kulewa kwenye meza ya Bwana, na bado Paulo aliwaita kanisa la Mungu. Hama endapo Kristo ameondolewa mahali pake, yaani inahubiriwa injili nyingine (Wagalatia 1:8), au endapo dhambi ya wazi inalindwa na viongozi baada ya wewe kufuata hatua za Mathayo 18:15-17: kwanza peke yako na mhusika, kisha na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa. Ikifika huko, nenda ukawaage viongozi wa pande zote mbili ana kwa ana, omba barua ya utambulisho, usimshawishi mtu akufuate, na huko uendako usiwasimulie walivyo wabaya ulikotoka. Kabla ya hapo, mtafute ndugu mmoja wa kundi lile jingine, yule mliyekuwa mkikaa benchi moja, muanze kusali pamoja wiki hii.