Si kila maumivu ya korodani ni ngiri

Ilianza Jumapili jioni kama uzito tu, upande wa kushoto. Nikalaumu siti. Naendesha bodaboda, kutwa nzima niko juu ya pikipiki, kwa hiyo kila kinachoniuma nakisingizia siti. Jumatatu nakojoa huku nimeuma meno, usiku homa. Jumanne korodani imevimba, ina joto, na suruali haivaliki.

Kijiweni mzee mmoja akatoa hukumu bila hata kunitazama: "Hiyo ngiri, kijana." Huku kwetu Tanga, kitovu kushuka chini, kila kinachomuuma mwanaume ni ngiri. Akaniletea mizizi iliyolowekwa kwenye chupa ya soda. Nikanywa, chungu kweli. Duka la dawa nako nikauziwa kapsuli sita bila kuulizwa swali hata moja. Siku mbili zikapotea hivyo.

Alhamisi nikaenda hospitali, natembea kama bata. Swali la kwanza la daktari: "Yalianza ghafla au polepole?" Ana sababu. Korodani ikijisokota, maumivu huja kwa kishindo, mara nyingi pamoja na kutapika. Damu inakatika, na msokoto usipofunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa 6 hivi, uwezekano wa kuiokoa unapungua haraka. Inawapata zaidi vijana. Kama ndivyo yalivyokuanza, acha kunisoma, tafuta usafiri sasa hivi.

Akanikwaruza taratibu kwenye paja, upande wa ndani. Korodani ikapanda yenyewe! Iliyojisokota aghalabu haipandi, ila hakuishia hapo, akanipeleka ultrasaundi. Kwenye skrini damu ilionekana inapita tele. Tatizo lilikuwa epididimisi, mrija uliojikunjakunja nyuma ya korodani, ambamo mbegu hukomaa. Ukinyooshwa unafika kama mita 6. Ule ndio ulioshambuliwa na bakteria.

Nikapewa kikopo cha mkojo, ule wa mwanzo kabisa kutoka. Kisha akauliza kuhusu wanawake. Nikadanganya. Hakunibishia, alinyamaza tu na kalamu mkononi, hadi nikasema kweli. Kwa wanaume wa chini ya miaka 35 chanzo huwa mara nyingi magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono. Kwa watu wazima zaidi ni bakteria wa utumbo wanaopanda kupitia njia ya mkojo, hasa tezi dume ikizuia mkojo au mtu akiwa amewekewa mpira wa kutolea mkojo, na dawa zao ni nyingine. Ndiyo maana dozi ya jirani isikuvutie.

Mimi nilichomwa sindano moja ya seftriaksoni, nikapewa doksisaiklini ya miligramu 100, mara mbili kwa siku, siku 10. Unaimeza na maji mengi ukiwa umekaa wima, na hulali hapo hapo, maana inaunguza koo la chakula. Pia inaifanya ngozi iungue upesi na jua, jambo ambalo dereva wa bodaboda anapaswa kuambiwa mapema. Nililala chali na taulo lililokunjwa chini ya korodani, barafu nimeifunga kwenye kitambaa. Siku ya tatu maumivu yalishuka. Yasiposhuka kufikia hapo, unarudi hospitali. Uvimbe wenyewe una kiburi, wangu ulichukua wiki kadhaa.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Yeyote uliyelala naye katika siku 60 zilizopita anatakiwa kupimwa na kutibiwa, na tendo linasimama hadi wote mmalize dawa na dalili ziishe. Klamidia inaweza kukaa kwa mwanamke kimya kabisa, kwa hiyo "mbona mimi siumwi" si jibu. Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kanga, akasema twende. Njiani hatukuzungumza. Tulipima na UKIMWI na kaswende siku hiyo hiyo.

Yule mzee wa kijiweni anaamini mizizi yake ndiyo iliyoniponya. Ameshaniwekea chupa ya pili.