Shangazi Anajibu: Zahanati yetu imekwama kwenye linta, tufikeje Seneti?

Swali: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa kijijini huku Pwani ya Kenya. Zahanati yetu ilianza kujengwa mwaka 2019, ikafika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, mwanakandarasi akaondoka. Leo mbuzi ndio wanaolala humo, na waja wazito wanabebwa kwa bodaboda mwendo wa saa nzima. Mwakilishi wadi tumemwendea mara tatu. Juzi nilisikia redioni seneta akiuliza habari za zahanati za kaunti nyingine. Sisi tusio na mtu Nairobi tunafikaje huko? Na ni lazima tuandike Kiingereza?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linalowafunga watu wengi midomo. Si lazima Kiingereza. Sheria ya mwaka 2012 ya malalamishi ya Bunge inakubali Kiswahili, na hati yaweza kuandikwa kwa mkono. Asiyejua kutia saini anaweka dole gumba. Wala hamhitaji mtu Nairobi: Kifungu cha 119 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kupeleka malalamishi Bungeni.

Zahanati ni kazi ya kaunti, na Seneti ndiyo inayofuatilia fedha za taifa zinazopelekwa kwenye kaunti zote 47. Hapo mmelenga. Lakini Seneti haijengi. Nguvu yake ni kuita watu: kamati yake ina mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi na kudai stakabadhi. Kwa watu waliozungushwa tangu 2019, hilo si dogo. Mkataba unaletwa, pesa zilizokwisha kulipwa zinatajwa, na aliyetia saini anaulizwa ana kwa ana.

Sasa hati yenyewe, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu mimi yamenikuta. Niliwahi kukusanya saini za kijiji chetu kuhusu maji, tukazipeleka kwenye bunge la kaunti. Karatasi zilirudishwa. Ukurasa wa kwanza ulieleza shida yetu, lakini kurasa zilizofuata zilikuwa na majina matupu, bila kichwa cha kuonyesha watu wale wametia saini kwa jambo gani. Nilianza upya nyumba kwa nyumba, na mzee aliyeweka dole la kwanza tulikuwa tumeshamzika. Kwa hiyo andikeni jambo lenu juu ya kila ukurasa. Msifute wala kuchomeka maneno juu ya mengine. Mkikosea, chukueni karatasi nyingine. Kila mtu aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho kando ya saini yake.

Kisha sheria inataka mseme mmeshabisha hodi wapi na mlijibiwa nini. Zile safari tatu kwa mwakilishi wadi, kama zilikuwa za mdomo, hazina alama. Mwandikieni barua sasa, na nyingine kwa idara ya afya ya kaunti, nakala zenu zigongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, hata kimya hicho kitajwe. Semeni pia kama jambo liko mahakamani au haliko.

Mwishoni ndipo mnapoomba, kwa adabu na kwa uwazi. Neno “tusaidieni” halitoshi. Ombeni Seneti ichunguze ni kiasi gani kililipwa, kwa nini kazi ilisimama, na ipendekeze ikamilishwe lini.

Hati inapelekwa kwa Karani wa Seneti, au mnampa seneta awawasilishie. Karani ana siku 7 za kuikagua, halafu inakwenda kwa Spika, naye anaifikisha kwenye kikao. Baadaye inakabidhiwa kamati, ambayo kwenu naamini itakuwa ya afya, na kamati ina siku 60 za kuwajibu. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani. Zikipita bila neno, andikeni tena.

Ulichosikia redioni huenda ni njia nyingine: seneta husimama akaomba taarifa kutoka kwa kamati, bila saini za wananchi. Ni ya haraka, lakini inategemea moyo wake. Mwendeeni, ila hati msiiache, kwa kuwa hiyo ni yenu. Seneti pia imewahi kutoka Nairobi na kufanya vikao Eldoret 2018, Kitui 2019, Turkana 2023 na Busia 2024. Ikija karibu nanyi, nendeni. Msikae kuisubiri.

Kapige picha za jengo kabla mvua haijaanza, linta zionekane vizuri. Waombe akina mama waliojifungulia njiani waeleze wenyewe, na anayekubali tu ndiye aandikwe. Ukimaliza nakala ya kwanza niletee niisome, kabla hamjachukua hata saini moja.