Fundi, nitajuaje kama ramu ya seva yetu ni ECC kweli?

SWALI: Fundi shikamoo. Huku Arua tuna seva ya SACCO, tulinunua iliyotumika kutoka Kampala na muuzaji akaapa ramu yake ni ECC, ile inayojikagua na kujirekebisha makosa. Siku hizi databezi inaharibika ovyo, na usiku seva inajizima na kujiwasha wakati umeme upo. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia? – Msomaji, Arua

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Usipande basi la Kampala kugombana na mtu bado. Kama ni Linux andika sudo dmidecode -t memory, tafuta "Total Width" na "Data Width". Ukiona 72 na 64 hiyo ramu ni ECC, zile biti 8 za ziada ndio za kukagua na kurekebisha, ukiona 64 na 64 umepigwa. Hapo hapo soma na "Error Correction Type", maana ramu inaweza kuwa ECC halafu bodi au prosesa haiisapoti, ikiandika None ujue ECC haifanyi kazi. (Na anayekwambia DDR5 zote ni ECC mwache aongee, ile ni ya ndani ya chipu tu, data ikiwa njiani kwenda kwa prosesa hailindwi.)

Sasa makosa yenyewe. Ingia /sys/devices/system/edac/mc/mc0 usome ce_count, ni makosa yaliyorekebishwa (CE), na ue_count, yale yaliyoshindikana (UE). Folda haipo? Dereva ya EDAC, ile inayosoma makosa ya ramu, haijapanda au ECC imezimwa kwenye BIOS. Ila angalia, hizo hesabu zinarudi sifuri seva ikijiwasha upya, na yako ndio mchezo wake, kwa hiyo utaona 0 asubuhi ufurahi bure. Weka programu ya rasdaemon iandike makosa hayo kwenye diski, na ujaribu ipmitool sel list, inakuonyesha logi ya matukio ya seva, na ile logi inakaa kwenye bodi yenyewe hata seva ikizima.

CE moja moja kwa miezi haininyimi usingizi. Ikipanda kila siku na ni sloti ile ile, zima, futa vumbi, hamishia hiyo ramu sloti nyingine: kosa likiifuata, ramu imekufa, likibaki pale pale basi ni sloti au bodi. UE hata moja, mimi natoa hiyo ramu siku hiyo hiyo, na mashine kujizima usiku inanuka UE kabisa. Memtest86+, programu ya kupima ramu, iache ikeshe, ila ECC ikirekebisha kimya kimya inaweza kukwambia kila kitu ni safi.

Na tafadhali, bakapu mpya usiipandishe juu ya ile ya zamani, pengine ndio pekee yenye hesabu za wanachama zilizo sawa.