Shinikizo Limefika 65, Mbona Vidole Bado Baridi?

SWALI: Mgonjwa wetu wa sepsisi (maambukizi yanayofanya viungo vya mwili kushindwa kufanya kazi) ameshapewa dripu na noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo. Wastani wa shinikizo la damu umefika 65 mmHg, lakini vidole ni baridi na mkojo haba. Tuamini mashine au mikono yetu?
Muuguzi, chumba cha wagonjwa mahututi

JIBU: Aminini vyote, maana kila kimoja kinapima kitu chake. Mashine inasoma shinikizo la mishipa mikubwa. Sepsisi huumiza ukuta wa ndani wa kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu), hukakamaza chembe nyekundu na kuacha mabonge madogo ya damu njiani. Kapilari moja hupitisha damu, ya pili imeziba. Shinikizo linaweza kuwa zuri na figo bado zina njaa ya oksijeni.

Pimeni muda wa damu kurudi kidoleni. Mkono ukiwa usawa wa moyo, bonyeza tumbo la ncha ya kidole cha shahada kwa slaidi ya kioo ya maabara hadi ngozi ipauke. Shikilia sekunde 10, achia, kisha pima kwa saa hadi rangi ya awali irudi. Zikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri. Wengi hukosea hapa: hubonyeza kidogo tu, halafu wanahesabu kichwani, na kila zamu inapata jibu lake. Baridi ya chumba, mwanga hafifu, rangi ya kucha na ugonjwa wa mishipa ya mikono navyo hupotosha. Madoa ya magotini ni dalili muhimu, ila kwenye ngozi nyeusi hujificha. Hapo kidole kinasaidia zaidi.

Rudieni kila dakika 30. Muda ukibaki mrefu, msikimbilie chupa nyingine ya maji: mwinueni mgonjwa miguu kwanza, mwone kama moyo unasukuma damu zaidi. Usipoongeza, maji yatavimbisha mapafu bure. Kwa aliyezoea shinikizo la juu, daktari anaweza kujaribu wastani wa 80 hadi 85 kwa saa moja; kidole kisipobadilika, rudini chini.

Katika utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa 2019, wagonjwa 424 wa Amerika ya Kusini, waliotibiwa kwa kufuata kidole walifariki asilimia 34.9 ndani ya siku 28, waliotibiwa kwa kufuata laktati (kipimo cha damu ambacho hupanda viungo vikikosa oksijeni) asilimia 43.4. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu, lakini mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unapendekeza kipimo hiki kiongezwe kwenye vingine. Nasi tunaunga mkono kwa moyo wote: hakihitaji umeme.

SWALI: Je, ile kamera ya chini ya ulimi?

JIBU: Inaonyesha chembe nyekundu zikipita katika mishipa iliyo chini ya mikromita 20. Futa mate na mapovu, rekodi sehemu zisizopungua 3. Ukiona hata vena ndogo zilizo pana zimesimama, huenda mkono wako ndio unaokandamiza. Legeza, rekodi upya. Kwa sasa ni chombo cha utafiti zaidi, msibadilishe dozi kwa picha zake peke yake.