Jibu: RAM ya DDR4 imepanda bei, ninunue au nisubiri?
Habari mkuu. Unasema RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 16, ya kizazi cha DDR4, uliyoiacha dukani bila kununua mwaka jana, leo unatajiwa bei haishikiki, na unahisi wauzaji wanakupiga.

Natengeneza laptop, na safari hii siwalaumu wenye maduka. Chipu za DRAM, ndizo zinazotengeneza RAM, karibu zote zinatoka kwa Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Wote 3 wamekimbilia HBM, kumbukumbu ya kasi ile inayorundikwa tabaka juu ya tabaka kwa seva za akili mnemba, maana ndiko kwenye hela. Sisi tunabaki na makombo. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana hata na Crucial, chapa yake ya RAM yetu walalahoi! Na 2023 tu mambo yalikuwa kinyume, maghala yalifurika chipu mpaka Samsung ikapunguza uzalishaji.

Kwanza fungua kifuniko cha chini cha laptop. Ukikuta nafasi ya pili ya RAM iko wazi, ongeza kipande cha GB 8 kilichotumika, cha zamani ukiache humo humo. Ila kijaribu palepale dukani: mimi niliuziwa chenye stika ya GB 16, kuwasha kikasoma 8. Bei itashuka lini, hapo usiniulize mkuu.